Mashine pepe katika majaribio ya programu

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Ina prosesa, kumbukumbu (RAM), diski na kadi ya mtandao kama kompyuta nyingine yoyote, lakini vifaa hivyo si vya kushikika kwa mkono: ni sehemu ya uwezo wa kompyuta halisi iliyotengwa kwa ajili yake. Mfumo wa uendeshaji uliosakinishwa ndani ya mashine pepe hufanya kazi kana kwamba una kompyuta nzima peke yake.

Mashine pepe hutumika sana katika kujaribu programu kabla ya kuwafikia watumiaji. Mpimaji anaweza kusakinisha toleo jipya, kulivuruga kwa makusudi, kuona limeharibika wapi, kisha kurudisha mashine katika hali yake ya mwanzo kwa dakika chache. Jambo hili lina faida ya pekee mahali ambapo hakuna seva za ziada. Katika mji kama Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara nchini Tanzania, ofisi au chuo chenye kompyuta mpakato moja nzuri kinaweza kuandaa juu yake mazingira yanayofanana na yale ya seva iliyoko Dar es Salaam.

## Istilahi

Kompyuta halisi inayobeba mashine pepe huitwa *mwenyeji*, na mashine pepe yenyewe huitwa *mgeni*. Programu inayogawa rasilimali za mwenyeji kwa wageni na kuwazuia wasiingiliane huitwa *haipavaiza*.

Kuna aina mbili za haipavaiza. Aina ya kwanza hukaa moja kwa moja juu ya kompyuta bila mfumo wa uendeshaji wa kawaida chini yake. Mifano ni VMware ESXi na Xen, na hutumika zaidi katika vituo vya data. Aina ya pili husakinishwa kama programu ya kawaida juu ya Windows, Linux au macOS; mifano ni VirtualBox na VMware Workstation. Wanafunzi na wapimaji wengi huanza na aina ya pili kwa sababu haiwalazimu kufuta mfumo walio nao.

## Historia

Wazo la mashine pepe lilianzia katika kompyuta kubwa za IBM nchini Marekani miaka ya 1960, wakati kompyuta moja ilikuwa ghali mno kutumiwa na mtu mmoja. Mwaka 1972 IBM ilitangaza mfumo wa VM/370, uliompa kila mtumiaji kitu kilichofanana na kompyuta yake mwenyewe. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha masharti ambayo prosesa inapaswa kuyatimiza ili iweze kubeba mashine pepe kwa usalama na kwa kasi.

Kompyuta ndogo za kawaida hazikutimiza masharti hayo kwa muda mrefu. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilipata njia ya kuzunguka tatizo hilo kwa programu na kutoa VMware Workstation mwaka 1999. Mwaka 2005 Intel, na mwaka uliofuata AMD, walianza kuuza prosesa zenye uwezo huo ndani yake. Mwaka 2007 VirtualBox ilitolewa kwa umma, na mwaka huohuo haipavaiza ya KVM iliingizwa katika kiini cha Linux. Tangu hapo mashine pepe zikawa kitu cha kawaida hata katika kompyuta za bei ya wastani.

## Sababu za kutenga majaribio

Mfumo unaotumiwa na watu kila siku huitwa mfumo wa uzalishaji. Kujaribu jambo jipya moja kwa moja katika mfumo huo ni hatari, kwa kuwa kosa dogo linaweza kufuta kumbukumbu au kusimamisha huduma.

Afrika ya Mashariki ina mifano mizuri katika sekta ya afya. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kubuniwa mwaka 2004, ulianza kutumika mwaka 2006 mjini Eldoret, Kenya, katika mpango wa AMPATH unaohusisha Chuo Kikuu cha Moi. DHIS2, programu huria inayoendelezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, hukusanya takwimu za afya kutoka vituoni hadi wizarani. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania pia huitumia kwa takwimu zake za kawaida za afya, huku Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa mshiriki wa muda mrefu katika kazi hiyo.

Programu hizi mbili zimejengwa kwa lugha ya Java na hutegemea hifadhidata: OpenMRS kwa kawaida hutumia MySQL, na DHIS2 hutumia PostgreSQL. Toleo jipya la programu likiwekwa, mara nyingi hubadilisha muundo wa hifadhidata, na badiliko hilo haliwezi kurudishwa nyuma kwa kubofya kitufe. Kwa hiyo desturi nzuri ni kuwa na angalau mazingira matatu: ya uzalishaji, ya mafunzo na ya majaribio. Mashine pepe hufanya mawili ya mwisho yapatikane kwa gharama ndogo.

## Kuandaa mashine pepe

### Kompyuta mwenyeji

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba prosesa ya mwenyeji inaruhusu mashine pepe na kwamba uwezo huo umewashwa katika mipangilio ya BIOS au UEFI. Kwa prosesa za Intel uwezo huo huitwa VT-x, na kwa za AMD huitwa AMD-V. Kompyuta nyingi zilizotumika, ambazo huuzwa kwa wingi katika miji ya Tanzania, huwa na uwezo huu lakini umezimwa. Dalili yake ni haipavaiza kukataa kuwasha mashine ya biti 64.

### Kugawa rasilimali

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kumpa mgeni kumbukumbu nyingi kupita kiasi. Mwenyeji akikosa kumbukumbu huanza kutumia diski badala yake, na kila kitu hupungua kasi, pamoja na mgeni mwenyewe. Kwa mwenyeji mwenye RAM ya GB 8, mgawo wa busara ni kumwachia mwenyeji GB 4 na kuwapa wageni wawili GB 2 kila mmoja: mmoja wa hifadhidata, mwingine wa programu yenyewe. Mfumo mzito wa Java unaweza kuhitaji zaidi, na hapo ni afadhali kuwasha mgeni mmoja tu.

Diski ya mgeni ni faili ndani ya diski ya mwenyeji. Inaweza kuwa ya ukubwa thabiti, inayochukua nafasi yote tangu mwanzo, au inayokua, inayochukua nafasi kadiri inavyojaa. Diski inayokua huokoa nafasi, ila ina mtego: jumla ya ukubwa ulioahidiwa kwa wageni inaweza kuzidi nafasi iliyopo. Diski ya mwenyeji ikijaa katikati ya jaribio, mgeni husimama ghafla.

Mfumo wa uendeshaji wa mgeni unapaswa kuwa toleo lilelile linalotumika katika uzalishaji. Jaribio lililofaulu juu ya toleo jipya la Ubuntu halithibitishi lolote ikiwa seva halisi bado ina toleo la zamani.

### Mtandao

Haipavaiza nyingi hutoa njia tatu kuu za kuunganisha mgeni:

* NAT: mgeni hutoka kwenda intaneti kupitia mwenyeji, lakini kompyuta za nje haziwezi kumfikia bila lango kufunguliwa kwa makusudi. Hufaa wakati wa kusakinisha programu.
* Daraja: mgeni huonekana katika mtandao wa ofisi kama kompyuta nyingine na hupata anwani yake mwenyewe. Hufaa pale ambapo wapimaji wengine au simu zinahitaji kumfikia.
* Mtandao wa ndani: mgeni huwasiliana na mwenyeji au na wageni wenzake tu. Hufaa kwa majaribio yenyewe.

Njia ya tatu inastahili kuzingatiwa zaidi kuliko inavyofanyika kwa kawaida. Mashine ya majaribio iliyonakiliwa kutoka seva halisi hubeba pia mipangilio ya kutuma barua pepe na ujumbe mfupi wa simu. Ikibaki na njia ya kutoka, inaweza kuwatumia wagonjwa au wateja halisi ujumbe wa uongo. Kuifunga ndani kwanza, kisha kufungua kinachohitajika, ni salama kuliko kufanya kinyume chake.

### Mashine mama na nakala

Badala ya kusakinisha kila mashine upya, wapimaji hutengeneza mashine moja safi, mashine mama, yenye mfumo wa uendeshaji, masasisho na zana za msingi. Mashine nyingine huzaliwa kwa kuinakili. Nakala kamili hujitegemea. Nakala iliyounganishwa huhifadhi tofauti tu kati yake na mama, kwa hiyo huchukua nafasi ndogo, lakini haiwezi kufanya kazi mama akifutwa.

Kila nakala inapaswa kupewa jina jipya, anwani mpya ya MAC, kitambulisho kipya cha mashine na funguo mpya za SSH. Bila hivyo nakala mbili zilizowashwa pamoja hugongana mtandaoni, na mpimaji anaweza kudhani kwamba kasoro iko katika programu anayoijaribu.

### Picha za hali

Picha ya hali ni kumbukumbu ya jinsi mashine ilivyokuwa wakati fulani: diski, mipangilio na, ikiwa inawaka, kumbukumbu yake pia. Mpimaji hupiga picha kabla ya jaribio na kuirudia baada yake. Hivyo kila jaribio huanza mahali palepale, na matokeo mawili yanaweza kulinganishwa.

Picha ya hali si nakala ya akiba. Hukaa katika diski ileile na hutegemea faili ileile ya msingi. Diski ikifa, vyote hufa pamoja. Pia picha nyingi zinazofuatana hujaza nafasi na kupunguza kasi, kwa hiyo zile zilizokwisha kazi hufutwa.

## Data ya majaribio

Njia rahisi ya kupata data ya kujaribia ni kunakili hifadhidata halisi, na ndiyo njia yenye madhara zaidi. Kompyuta mpakato yenye mashine pepe hubebwa kwenye basi, huachwa mezani, na huweza kuibwa. Ikiwa ndani yake kuna majina ya watu na majibu ya vipimo vyao, wizi wa kompyuta moja huwa ufichuzi wa siri za watu wengi. Katika mji mdogo ambako watu hufahamiana, hata orodha isiyo na majina, ila yenye umri, kijiji na ugonjwa, inaweza kumtambulisha mtu.

Nchini Tanzania jambo hili lina upande wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inahesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Kwa sababu hiyo mazingira ya majaribio hutakiwa kutumia data ya kubuni. DHIS2 yenyewe hutoa hifadhidata ya mfano iliyojengwa juu ya jina na ramani ya Sierra Leone, yenye takwimu za kubuni. Ikibidi kutumia data iliyotokana na ile halisi, majina, namba za simu na tarehe za kuzaliwa hubadilishwa kabla haijatoka katika seva ya uzalishaji, na diski ya mashine pepe husimbwa kwa nywila.

## Kasoro zinazotokana na mahali

Mazingira mazuri ya majaribio hufanana na mahali ambapo programu itatumika. Mkoa wa Manyara unatoa mifano kadhaa.

Majina ya maeneo. Kuna Halmashauri ya Mji wa Babati na Halmashauri ya Wilaya ya Babati. Vivyo hivyo kwa Mbulu. Programu inayotambua halmashauri kwa neno "Babati" pekee huchanganya takwimu za mbili hizo. Data ya kubuni inapaswa kuwa na zote mbili, kila moja na namba yake.

Mabadiliko ya mipaka. Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002 kutokana na Mkoa wa Arusha. Ripoti inayolinganisha miaka ya kabla na ya baada ya hapo inapaswa kujaribiwa, la sivyo Arusha itaonekana imepoteza watu wake ghafla.

Saa na tarehe. Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya dunia (UTC), na seva nyingi huwekwa kwa UTC tangu kiwandani. Mtoto aliyezaliwa Babati tarehe 1 Julai saa 7:30 usiku, programu isiporekebisha saa, huandikwa kuwa amezaliwa tarehe 30 Juni saa 22:30. Kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, mtoto huyo huhesabiwa katika mwezi mwingine na mwaka mwingine wa fedha. Kasoro hii huonekana kwa urahisi katika mashine pepe: mpimaji huzima ulinganifu wa saa kati ya mgeni na mwenyeji, huiweka saa ya mgeni karibu na mwisho wa Juni, kisha huingiza kumbukumbu. Kwa upande wa watumiaji, "saa 2 asubuhi" ni 08:00 katika saa ya kompyuta, na fomu isiyoeleza hilo hupokea majibu ya aina mbili.

Mtandao dhaifu. Kituo kilicho mbali na mji hutuma taarifa kupitia simu. Katika mgeni wa Linux, zana iitwayo *tc* huweza kuchelewesha pakiti, kupoteza baadhi yake au kupunguza kasi, ili mpimaji aone kama fomu iliyojazwa kwa nusu saa hupotea mawimbi yakikatika.

Kukatika kwa umeme. Kumzima mgeni ghafla ni njia nafuu ya kuiga umeme kukatika. Mpimaji huingiza kumbukumbu kumi, humzima, humwasha tena na kuhesabu zilizobaki. Hata hivyo matokeo huwa na matumaini kupita kiasi: data iliyokwisha kutoka kwa mgeni inaweza kuwa bado imo katika kumbukumbu ya mwenyeji, ambaye hakuzimika, naye huiandika kwenye diski baadaye. Umeme halisi ukikatika, sehemu hiyo hupotea. Ili jaribio liwe la kweli, hifadhi hiyo ya muda ya mwenyeji huzimwa katika mipangilio ya diski ya mgeni.

## Kushirikiana na kuokoa intaneti

Mashine pepe inaweza kufungwa katika faili moja ya aina ya OVA na kubebwa kwenye flashi. Ikiwa faili ina GB 3 na darasa lina kompyuta tano, kila mmoja akipakua mwenyewe intaneti italipiwa GB 15. Mmoja akipakua na wengine wakanakili, italipiwa GB 3. Flashi yenye mpangilio wa FAT32 haipokei faili inayofikia GB 4, hata kama ina nafasi ya kutosha, kwa hiyo hupangwa upya kwa exFAT.

Njia nyingine ni kuandika usanidi kama maandishi. Zana ya Vagrant, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2010 na Mitchell Hashimoto, husoma faili fupi inayotaja mfumo wa uendeshaji, kumbukumbu, mtandao na programu za kusakinisha, kisha huunda mashine yenyewe. Faili hiyo ni ndogo kiasi cha kutumwa kwa barua pepe, huonyesha wazi kilichobadilika, na humwezesha mtu mwingine kuunda mashine ileile miezi baadaye.

## Mipaka

Mashine pepe haithibitishi kila kitu. Kasi iliyopimwa ndani yake si kasi ya seva halisi. Vifaa kama visoma alama za vidole na printa za risiti huweza kufanya kazi tofauti vikiunganishwa kupitia haipavaiza, kwa hiyo hujaribiwa pia katika kompyuta ya kawaida. Programu za simu hujaribiwa kwanza katika emuleta, lakini simu za bei nafuu zenye kumbukumbu ndogo zina tabia zisizoonekana humo. Aidha, kompyuta zenye prosesa za ARM haziwezi kubeba kwa kasi ya kawaida wageni waliotengenezwa kwa prosesa za Intel na AMD.

Kwa baadhi ya kazi *kontena*, zilizopata umaarufu kupitia Docker tangu mwaka 2013, ni nyepesi zaidi. Kontena hushiriki kiini kimoja cha mfumo wa uendeshaji na mwenyeji, hivyo huwaka kwa sekunde na kutumia kumbukumbu kidogo. Kwa sababu hiyohiyo utengano wake ni dhaifu kuliko wa mashine pepe, na haifai pale ambapo jaribio linahusu kiini chenyewe au mfumo mwingine wa uendeshaji. Wapimaji wengi huunganisha zote mbili kwa kuendesha kontena ndani ya mashine pepe.

## Angalia pia

* Mfumo wa uendeshaji
* Programu huria
* Hifadhidata
* Linux
* Babati (mji)
* Mkoa wa Manyara